Eti Una "Damu Ngumu"? Ukweli wa Jeni, Keroro na HIV Kutoka Ogwedhi

Wacha nianze na stori ya anko wangu, juu najua hata wewe una anko kama huyu.

Tulikuwa Ogwedhi siku ya soko. Kama hujawahi fika, Ogwedhi ni senta iko Migori, pale karibu na mpaka wa Narok, mahali Mjaluo, Mkuria na Mmaasai wanakutana kuuziana ng'ombe na mbuzi mpaka sauti zinakauka. Tukaketi kwa kibanda cha chai. Wiki hiyo kuna jamaa wa mtaa alikuwa amezikwa, na unajua vile matanga huleta stori za chini ya maji. Mambo ya HIV yakaingia.

Anko akaweka kikombe chini, akasema na roho safi kabisa: "Omera, hiyo kitu haiwezi nipata. Damu yangu ni ngumu. Nimekunywa na watu, nimelala na watu, hao watu wameenda, mimi bado niko."

Mzee mwingine akamjibu, na huyu alikuwa siriasi kuliko anko: "Acha damu yako. Ni damu ya huku kwetu ndiyo ina shida. Kwani kwa nini kila mwaka ni Homa Bay na Migori? Sisi tulizaliwa nayo."

Manze, hizo sentensi mbili zimenikalia kwa kichwa tangu siku hiyo. Zinakaa kama zinapingana, si ndio? Moja inasema damu inakulinda, ingine inasema damu imekulaani. Lakini ukiziangalia poa, zote zinafanya kazi moja. Zote zinakuambia hakuna kitu unaweza fanya. Kama damu yako ni ngumu, ya nini kupimwa? Na kama damu yenu imelaaniwa, pia ya nini kupimwa? Hapo katikati yao kulikuwa na chupa ya keroro, na hakuna mtu aliitaja hata mara moja.

Niliacha chuo mwaka wa pili, so usinidai cheti. Lakini kusoma sikuacha. Nimechimba hii stori ya jeni, mihadarati na HIV, na leo nataka tuipige pamoja, pole pole, bila kuogopana.

Kwanza, namba

Mwaka wa 2018 serikali ilifanya utafiti wa nyumba kwa nyumba unaitwa KENPHIA. Kitaifa, watu wazima 4.9 kati ya kila 100 walikuwa wanaishi na virusi. Sasa angalia upande wetu wa ziwa. Ripoti ya kwanza iliweka Homa Bay mbele ya wote na 19.6%, ikifuatwa na Kisumu 17.5%, Siaya 15.3% na Migori karibu 13%. Ukivuka tu upande wa Kisii au Narok, namba zinashuka sana.

So yule mzee hakuwa anaota. Tofauti iko, na ni kubwa. Swali ni inatoka wapi. Je, ni damu kweli?

Majengo: wanawake ambao HIV iliwashindwa

Wacha nikupeleke Nairobi kidogo, juu moja ya stori kubwa duniani kuhusu jeni na HIV ilianzia hapa kwetu Kenya, pale Majengo, Pumwani.

Mwaka wa 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, walianza kufuatilia afya ya wanawake wa Majengo waliokuwa wanauza mwili. Miongoni mwao kulikuwa na Frank Plummer, daktari wa Canada, na Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi ambaye wanawake wenyewe walimwamini. Walipopima, karibu thuluthi mbili ya wale wa kipato cha chini tayari walikuwa na virusi. Hiyo ilikuwa miaka ambayo ARV hazikuwa hata ndoto.

Lakini kuna kitu ikawashangaza. Kulikuwa na kikundi kidogo, kati ya 5 na 10 kwa kila 100, ambao walikutana na virusi mara nyingi sana mwaka baada ya mwaka, na bado vipimo vilisema hawana. Mwaka wa 1996 hiyo habari ikachapishwa na dunia nzima ikageuka kuangalia Majengo.

Kwa nini hao? Jibu sehemu yake ni jeni. Jeni ni yale maagizo unayorithi kwa mama na baba, yanayoambia mwili utengenezwe aje. Kuna jeni za kikundi kinaitwa HLA. Kazi yake ni kuonyesha askari wa mwili kipande cha adui, kama vile kupeana picha ya mwizi kwa mbogi ya mtaa. Kuna aina za HLA zinazoonyesha picha safi, na wenye nazo mara nyingi wanapigana na virusi vizuri kuliko wengine. Pia watafiti waliona kwamba seli za wale wanawake zilikuwa zimetulia. Hiyo ni point kubwa, juu HIV hupenda seli ambazo zimeamka na zina fujo. Weka hiyo kwa akili, tutairudia.

Hapo ndio anko wangu angesimama aseme, "Si nilikuambia? Damu ngumu iko!"

Pole pole, anko. Mwaka wa 2001 watafiti wale wale walitoa habari ya pili, na hii watu wengi hawaijui. Baadhi ya wale wanawake walioonekana kama hawashikiki, mwishowe waliambukizwa. Wengi wao ilitokea baada ya kupumzika ile kazi kwa muda, halafu wakarudi. Yaani hiyo kinga haikuwa kama ukuta wa mawe. Ilikuwa kitu inabadilika na maisha ya mtu. Mwaka huo huo Nairobi ilianza kujaribu chanjo iliyotokana na masomo ya Majengo. Haikufua dafu.

Chukua hii na wewe: hata wale wanawake ambao sayansi iliwasoma kwa miaka na miaka hawakuwa na garantii. Sasa wewe ambaye hujawahi hata toa tone moja la damu kwa maabara, "ngumu" umeipima na nini?

Mlango unaoitwa CCR5

Kuna jeni moja maarufu sana, CCR5. Fikiria seli yako ni ploti ya kukodi. HIV haiwezi ingia hivi hivi. Lazima ipite geti, halafu ifungue mlango wa nyumba. Huo mlango kwa virusi vingi ndio CCR5.

Mwaka wa 1996 wanasayansi waligundua kuna watu wamezaliwa bila huo mlango. Wamerithi jeni iliyokatika kutoka kwa wazazi wote wawili, na HIV ya kawaida ikifika inakosa pa kuingilia. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa anaishi Berlin, aliwekewa uboho wa mtu wa aina hiyo mwaka wa 2007 akitibiwa saratani ya damu, na HIV yake ikaisha. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kupona.

Stori tamu. Lakini hao watu wasio na mlango ni karibu 1 kati ya 100 huko Ulaya, na kwetu Afrika hiyo jeni karibu haipo kabisa. So ukikuta msee pale Ogwedhi anakuambia damu yake haina mlango, mwambie milango yake iko yote, na komeo hakuna.

"Lakini mke wake ako nayo na yeye hana, miaka mitano!" Hiyo nayo utaisikia. Kuna jibu. Utafiti wa Rakai, Uganda, uliochapishwa mwaka wa 2001, ulifuata wanandoa ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana. Kwa wastani, nafasi ya kuambukizwa kwa tendo moja ilikuwa karibu 1 kwa 1,000. Inapanda sana kama mwenye virusi ameambukizwa juzi juzi, kama virusi ni vingi kwa damu, au kama kuna vidonda vya magonjwa mengine ya zinaa. So mtu anaweza kaa miaka bila kushikwa, na hiyo bado haimaanishi damu yake ni spesheli. Ni kama kuvuka Thika Road chini ya daraja kila siku. Kuvuka jana haikupi kinga ya leo.

Na ile "damu ya kwetu"?

Sasa turudi kwa yule mzee. Je, Mjaluo alizaliwa na damu mbaya?

Mwaka wa 2008 kuna utafiti ulitoka ukisema kwamba tabia fulani ya damu, inayoitwa Duffy, inaweza kuongeza hatari ya kuambukizwa kwa karibu 40%. Hiyo tabia imeenea kwa Waafrika juu ilitulinda na aina moja ya malaria. Magazeti yaliikimbilia: eti jeni ndiyo inaelezea ukimwi wa Afrika. Mwaka uliofuata watafiti wengine walijaribu kuona kitu hicho hicho kwa vikundi vingine vya watu, na hawakukiona. Hiyo stori ikapoa.

Na hata ingekuwa kweli, fikiria na mimi. Hiyo tabia ya damu iko kwa karibu Waafrika wote wa kusini mwa Sahara. Iko kwa Mjaluo, iko kwa Mkuria, iko kwa Mkisii. Inawezaje kueleza kwa nini Homa Bay iko juu na jirani yake iko chini? Haiwezi.

Kitu ambacho kilieleza sehemu kubwa ya hiyo tofauti kilikuwa nje ya damu kabisa. Kisumu, watafiti walichukua vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24. Nusu wakapashwa tohara mapema, nusu wakasubiri. Mwezi wa Disemba 2006 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati juu matokeo yalikuwa wazi, na mwaka wa 2007 yakachapishwa: waliotahiriwa walikuwa na maambukizi mapya pungufu kwa zaidi ya nusu. Mkuria na Mmaasai hutahiri tangu jadi, Mjaluo kwa jadi hakutahiri. Mpango wa tohara ya hiari ukaanza Nyanza mwaka wa 2008.

Ongeza hapo barabara kuu na malori yake, biashara ya samaki ambapo mwanamke analazimishwa kutoa mwili ndio apewe samaki wa kuuza, migodi ya dhahabu kule Macalder na ng'ambo Lolgorian ambako pesa inaingia jioni na kuisha usiku. Hakuna jeni hapo. Hayo ni maisha.

Unajua hii inanikumbusha nini? Chira. Wazee wetu wakati ukimwi ulipoingia miaka ya 80 na 90 walisema ni chira, laana ya kuvunja mila, inayofuata nyumba fulani. Watu walikonda, wakapelekwa kwa waganga, wakazikwa. Leo msee wa simu janja anacheka chira, halafu anasema "ni jeni za kwetu." Buda, hiyo ni chira imevaa koti la maabara.

Sasa tuongee juu ya ile chupa

Tuje kwa kitu hakuna mtu aliitaja pale kibandani.

Ukisikia mihadarati na HIV, pengine unafikiria unga na sindano, mambo ya Mombasa, Malindi na baadhi ya mitaa ya Nairobi. Ni kweli, sindano ni hatari sana. Ukitumia sindano moja na mtu ako na virusi, hatari kwa mara moja ni karibu 6 kwa 1,000, mara kadhaa zaidi ya ile ya Rakai. Ndio maana kati ya wanaojidunga Kenya, karibu 18 kwa kila 100 wamekadiriwa kuwa na virusi.

Lakini Ogwedhi na vijiji vyake, sindano si stori kubwa. Huku ni chang'aa. Ni ngwai inayovuka kutoka Tanzania kupitia huu mpaka wetu. Ni jaba ya usiku mrefu. NACADA ilipima mwaka wa 2022 ikapata mtu 1 kati ya 8 wa miaka 15 hadi 65 anatumia pombe.

Na pombe haihitaji sindano kufanya kazi yake. Mwaka wa 2007 watafiti walikusanya tafiti 20 za Afrika na kuziangalia pamoja. Wanaokunywa walikuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa na HIV kuliko wasiokunywa, zaidi kwa kama 60% hadi 70%. Sababu unazijua wewe mwenyewe. Kondomu inabaki mfukoni. Unaenda na mtu hujui hata jina. Au mbaya zaidi, mtu analewa na mwingine anamfanyia kitu hakukubali. Hiyo ya mwisho tuiite jina lake. Hiyo ni ubakaji.

Pale jeni na mihadarati zinakutana

Hapa ndipo stori inakuwa moto. Hizi vitu mbili hazitembei kila moja na njia yake. Zinakutana mahali patatu.

Pa kwanza ni tamaa yenyewe. Masomo ya mapacha yameonyesha kwamba karibu nusu ya hatari ya mtu kushikwa na ulevi inatokana na urithi. Si jeni moja, ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo. So kama babu alikuwa mlevi na baba akafuata, wewe hujahukumiwa, lakini umepewa onyo. Glasi inayomwacha rafiki yako na kicheko inaweza kukufunga wewe miaka 10. Na ukifungwa hapo, umesogea karibu na HIV bila jeni yoyote ya HIV kuhusika.

Pa pili ni ule mlango wa CCR5. Kwa maabara, seli zikiwekewa dawa za jamii ya unga kama mofini, au ile methi, huwa zinaongeza hiyo milango. Virusi vinapata pa kuingilia zaidi. Na kumbuka nilikuambia seli za wale wanawake wa Majengo zilikuwa zimetulia. Ulevi mzito unafanya kinyume: unachoma utumbo, uchafu unaingia kwa damu, na askari wa mwili wanaamka na fujo. Hiyo ndiyo hali HIV inapenda. Yaani hata kama ungekuwa umezaliwa na bahati kidogo ya Majengo, ulevi mzito unafanya kazi dhidi ya hiyo bahati.

Pa tatu ni kwa dawa. Ini lako lina kimeng'enya cha kuvunja dawa, na jeni inayokitengeneza inaitwa CYP2B6. Waafrika wengi wamerithi aina inayovunja dawa pole pole. Ile ARV ya zamani, efavirenz, ilikuwa inabaki kwa damu yao kwa wingi. Ndio maana watu walilalamika juu ya ndoto za ajabu na kizunguzungu, na wengine wakaacha kabisa. Haukuwa ukaidi, mwili wao ulikuwa unapata dawa nyingi kupita kiasi. Leo wengi wamewekwa kwa dolutegravir, ambayo haina shida hiyo.

Na kwa mtu anayetoka kwa unga, methadoni yake ikikutana na efavirenz inaisha mwilini haraka. Anaingia arosto, anarudi kwa sindano, kila mtu anasema "teja hawezi badilika." Kumbe hakuna mtu alimrekebishia dozi. Kenya ilifungua kliniki ya kwanza ya methadoni pale Mathari mwaka wa 2014, baadaye zikafika Pwani na Kisumu. Zinafanya kazi. Lakini methadoni hunywewa kila siku mbele ya muuguzi. Piga hesabu ya nauli ya mat kutoka Ogwedhi hadi Kisumu kila asubuhi, uniambie nani ataweza.

Stori ya binamu yangu

Hii ndiyo imenifanya niandike hii kitu yote.

Nina binamu anafanya kazi ya migodi. Alipimwa, akapatikana nayo, akaanza dawa. Poa. Lakini kuna kitu alinificha mpaka mwaka uliopita. Kila Ijumaa akishika doh, anakunywa. Na kwa sababu mtu alimwambia ARV na pombe zikichanganyika ni sumu, anaacha dawa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Anarudi kwa dawa Jumatatu akiwa na kichwa kizito. Alidhani anajilinda.

Hesabu mwenyewe: siku 3 kati ya 7 bila dawa. Hiyo ni nafasi virusi vinapata ya kuongezeka na kujifunza kushinda dawa. Na hayuko peke yake. Utafiti mkubwa wa SEARCH, uliofanyika vijiji vya Uganda na vya Nyanza huku kwetu, ulionyesha kwamba kadri mtu anavyokunywa zaidi, ndivyo uwezekano wa virusi vyake kudhibitiwa unavyoshuka.

So sikia hii vizuri na umwambie mtu: kama umekunywa, meza dawa yako bado. Pombe inakuumiza, na bora uipunguze au uiache. Lakini kuruka dawa juu umekunywa inakuumiza zaidi. Mtu ambaye anameza kila siku mpaka virusi havionekani kwa kipimo hamwambukizi mpenzi wake kwa ngono. Hiyo ni kinga kubwa kuliko jeni yoyote utakayowahi kurithi Migori.

Na sasa doh imekatwa

Haya yote yanatokea wakati mbaya. Kwa miaka mingi pesa nyingi za ARV, vipimo na vituo zimetoka kwa wafadhili, Marekani ikiwa mbele. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Hapa Kenya wafanyakazi wa kliniki walipoteza kazi, na vituo vya watu walio kwa hatari zaidi, wakiwemo wanaojidunga na wanaouza mwili, vingi vilifungwa au kubanwa ndani ya hospitali za kawaida.

Wengine wanasema sayansi itatuokoa, ngoja chanjo, ngoja tiba ya jeni. Mimi siipingi. Lakini tiba ya Brown ilihitaji saratani, upandikizaji wa uboho wa hali ya juu na bahati. Mtu wa Ogwedhi anahitaji muuguzi ambaye ako kazini Jumatatu, kidonge ambacho hakijaisha, na mtu wa kuongea naye juu ya keroro bila kutukanwa. Hivyo ndivyo vitu tunafaa kuuliza kaunti na Wizara ya Afya, na tuulize tukiwa na sauti ile ile tunatumia kuuliza juu ya ushuru.

So ufanye nini?

Pima. Ni bure kwa vituo vya serikali, na kuna kipimo cha kujipima mwenyewe nyumbani. Kama huna virusi na maisha yako yana hatari, uliza PrEP, Kenya imekuwa nayo tangu 2017. Kama jana usiku ilienda vibaya, kondomu ilipasuka au hukumbuki kilichotokea, kimbia hospitali uitishe PEP ndani ya saa 72, na mapema ndio bora. Kama uko na virusi, meza dawa kila siku, hata ile siku umekosea. Kama ni keroro au ngwai imekushika, NACADA wana laini ya bure, 1192.

Na ukisikia mtu anasema damu yake ni ngumu, usimcheke. Mara nyingi hiyo ni woga unaongea. Mtu ameona wenzake wengi wakizikwa na anatafuta sababu ya kwa nini yeye bado yuko.

Nilimweleza anko haya yote kwa simu. Alinyamaza kitambo, halafu akauliza kama kile kipimo kinauma. Nikamwambia ni kidole tu. Akasema atafikiria.

Disemba nikienda ocha tutaenda kliniki sisi wawili. Nimemwahidi mimi ndio nitatoa kidole kwanza.